Tafiti ziacheni, "zimethibitisha" ifutwe

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, niko Mafinga. Baada ya ajali ya basi niliandika hivi kwenye taarifa yangu: "Tafiti zimethibitisha kwamba manusura wakikalishwa pamoja siku za mwanzo wasimulie yote yaliyowapata, hawapati ugonjwa wa kiwewe baadaye." Mkuu wangu amekata neno "tafiti" kwa wino mwekundu, anasema utafiti hauna wingi. Tunaomba utuamue.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wingi upo. Utafiti kwa maana ya shughuli yenyewe ni jina dhahania kama upendo au uvivu, halihesabiki: "utafiti unahitaji fedha." Lakini kazi moja iliyokamilika, yenye washiriki wake na ripoti yake, inahesabika, na ikihesabika inafuata njia ya ukuta na kuta, utenzi na tenzi, uchaguzi na chaguzi. Utafiti mmoja, tafiti tano. Mkuu wako ameshika kanuni ya maana ya kwanza akaibebesha maana ya pili. Wapo walimu wazuri wanaoshikilia kama yeye, nami sigombani nao. Akitaka kuandika "utafiti mwingi", aandike, Kiswahili hakitapungukiwa kitu.

Kinachonikasirisha ni kwamba kalamu yake ilifika kwenye "zimethibitisha" ikapita.

Thabiti, thibitisha, uthibitisho, ithibati: yote ni ya shina moja la Kiarabu, la kitu kusimama imara kisitikisike. Juu ya uzito huo wewe umeongeza -me-, kiambishi cha jambo lililokwisha na matokeo yake yapo mbele yetu. Mlango umefungwa. Mgeni amefika. Tafiti zimethibitisha. Msomaji anaambiwa kwamba suala limekwisha, asiulize tena. Na unamwambia hivyo kuhusu saikolojia tiba, fani ambayo ubishi ndio umeijenga.

Mwaka 1952 Hans Eysenck, aliyekuwa akifanya kazi London, aliandika kwamba theluthi mbili hivi ya watu wenye wasiwasi na matatizo ya aina hiyo walipata nafuu ndani ya miaka 2 hata bila tiba ya mazungumzo, na kwamba hakuona ushahidi kuwa waliotibiwa waliwazidi. Mwaka 1977 Mary Smith na Gene Glass wa Marekani walijumlisha tafiti 375, wakakuta kwamba mtu wa wastani aliyepata tiba alikuwa na hali bora kuliko asilimia 75 ya wale ambao hawakutibiwa. Mwandishi wa mwaka 1953 mwenye tabia ya kuandika "imethibitishwa" angewaambia watu tiba haina faida. Miaka 25 baadaye angewaambia ina faida kubwa, kwa neno lilelile na kwa uhakika uleule. Wasomi wenyewe walikuwa wanafanya kazi yao ipasavyo: huyu analeta hoja, yule anahoji wagonjwa walilinganishwaje, mwingine anakusanya upya. Mwandishi ndiye anayewafungia kesi ambayo wao bado wanaisikiliza.

Sasa turudi kwenye sentensi yako, maana sitaiachia kirahisi. Utaratibu wa kuwakalisha manusura namna hiyo ulitokana na kazi ya Mmarekani Jeffrey Mitchell, ambaye mwaka 1983 aliandika juu ya vikao vya kuwasaidia wazimamoto na watu wa magari ya wagonjwa baada ya matukio mabaya. Ukaenda mbio duniani, hadi kwa watu wa kawaida walionusurika ajali, moto na ujambazi. Na wengi waliouendesha waliona unafanya kazi. Washiriki walishukuru, walisema umewafaa, na baada ya wiki kadhaa wengi wao walikuwa wanalala vizuri.

Lakini wengi wa wanaonusurika ajali hulala vizuri baada ya wiki kadhaa hata wasipokalishwa popote. Mkulima wa Uyole analijua hili bila kufundishwa: ukitia mbolea shamba zima na mwaka huo mvua ikawa njema, huwezi kusema mahindi yameletwa na mbolea. Lazima ubakize matuta yasiyotiwa.

Matuta hayo yalibakizwa baadaye. Jonathan Bisson na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1997, waliwagawa kwa bahati nasibu watu 133 walioungua moto. Wengine walipewa kikao cha kusimulia tukio, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliokalishwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, dhidi ya asilimia 9 ya wale walioachwa. Mwaka 2000 Richard Mayou na wenzake wa Oxford walieleza hali ya majeruhi wa ajali za barabarani, watu hasa wa aina unaowahudumia wewe, miaka 3 baada ya kikao. Waliokalishwa walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko ambao hawakukalishwa, na walioumia zaidi ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa wakisumbuliwa sana na kumbukumbu za ajali.

Unaona neno lako lilipokufikisha? Jambo uliloliita thabiti lilipopimwa halikuonekana. Taarifa yako ingepanda wilayani, na siku basi jingine likipinduka Kitonga au Mlima Nyoka, mtu mwenye nia njema angewakusanya majeruhi ukumbini awalazimishe kurudia kwa midomo yao yale ambayo vichwa vyao vinahangaika kuyatua. Angefanya hivyo kwa sababu "tafiti zimethibitisha".

Ila msomaji wangu asikimbilie sasa kuandika kwamba imethibitishwa kuwa kusimulia kunadhuru. Katika utafiti ule wa 1997, waliokalishwa walianza wakiwa na hali nzito zaidi kuliko wenzao, kwa majeraha na kwa dalili. Bahati nasibu huwa haigawi sawasawa kila mara, hasa watu wakiwa wachache. Kwa hiyo 26 kwa 9 haiwezi kubeba peke yake hukumu ya kudhuru. Inachoweza kusemwa kwa haki ni hiki: "Majaribio yaliyowagawa manusura kwa bahati nasibu, yakijumlishwa, hayakuona kwamba kikao kimoja cha kusimulia tukio kinazuia ugonjwa wa kiwewe, na baadhi yaliona waliokalishwa wakiwa na hali mbaya zaidi." Sentensi ni ndefu. Ni ndefu kwa sababu ina ukweli ndani yake, na afisa anayelipwa kuwahudumia watu ana wajibu wa kuiandika yote.

Na mkuu wako akiuliza "basi tuwafanyie nini?", mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaeleza: wape usalama, maji, blanketi, taarifa za kweli, wasaidie kuwapata ndugu zao kwa simu, msikilize anayetaka kusema, usimchokonoe asiyetaka. Mwezi ukipita na mtu bado anaota ajali, anashtuka akisikia honi, hapandi gari, huyo apelekwe hospitali. Kwake zipo tiba za mazungumzo za wiki kadhaa ambazo zimepita kwenye majaribio na kuonyesha faida. Kikao kimoja cha siku ya ajali na tiba ya wiki nyingi ni vitu viwili, ingawa vyote ni mazungumzo.

Kiswahili hakikukuacha mikono mitupu hata ukakimbilia kuthibitisha. Utafiti mdogo wa mwanzo unadokeza. Tafiti chache zinazoelekea upande mmoja zinaashiria. Nyingi, zilizofanywa na watu tofauti mahali tofauti, zinaonyesha. Watafiti wanaweza kuona, kukuta, kubaini, kukadiria, na wanaweza pia kutoona, jambo ambalo magazeti yetu hayalitaji kamwe. Bora zaidi ni kusema walichofanya. Mfano: "Katika jaribio la Harare lililochapishwa mwaka 2016, watu 573 wenye wasiwasi na sonona walishiriki, waliozungumza na wahudumu wa jamii waliofundishwa kazi hiyo walikuwa na dalili pungufu baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki iliyoboreshwa." Hapo msomaji anajua nani, wangapi, wapi, muda gani, wakilinganishwa na nani. Anaweza kuamua mwenyewe amwamini kiasi gani.

Kuthibitisha nako kuna mahali pake, sitaki kulifukuza neno hilo katika lugha nzima. Kipimo kikionyesha vijidudu kwenye damu, malaria imethibitika. Cheti cha ndoa kinathibitisha ndoa. Mahakama huthibitisha hukumu. Hayo ni mambo ambayo yupo mwenye mamlaka au chombo cha kuyafunga.

Ndugu wa "zimethibitisha", na mbaya kuliko yeye, ni "imethibitishwa kisayansi". Tazama ule -w- wa kutendwa. Kazi yake ya halali ni kumweka mtendwa mbele, na mtendaji akafuata baada ya "na": nyumba imejengwa na fundi. Katika tangazo la dawa ya mitishamba linalosikika kwa kipaza sauti pale Mwanjelwa, "na" haifiki kamwe. Imethibitishwa na nani? Kwa watu wangapi? Dawa hiyohiyo inaondoa msongo wa mawazo, nguvu za giza na vidonda vya tumbo, na mama aliyebeba mtoto mgongoni anatoa elfu kumi yake kwa sababu ya sentensi isiyo na mtendaji. Nalichukia neno hilo kwa moyo wote, na sioni sababu ya kulipunguzia ukali.

Nikiwa hapa niligusie na "muhimu". Wanafunzi wetu wa vyuo wanaandika "kulikuwa na tofauti muhimu kati ya makundi mawili", wakimaanisha tu kwamba hesabu zinaonyesha tofauti hiyo si rahisi kuwa imetokea kwa bahati. Tofauti ya namna hiyo inaweza kuwa ndogo mno. Mwaka 2008 Irving Kirsch na wenzake walijumlisha majaribio ya dawa za sonona wakakuta zimezidi kidonge kisicho na dawa kwa alama 1.8 kwa wastani kwenye kipimo cha Hamilton, kinachopima ukali wa sonona kwa alama, wakati kiwango kilichokuwa kikitumika Uingereza kuhesabu faida yenye maana kwa mgonjwa kilikuwa alama 3. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walijumlisha majaribio 522 ya dawa 21, wakakuta zote zimekizidi kidonge hicho. Ukisoma haraka utadhani wanapingana. Mmoja anauliza tofauti ni kubwa kiasi gani, mwingine anauliza kama ipo, na neno "muhimu" linayameza maswali yote mawili. Andika "tofauti ya kweli kitakwimu", kisha taja ukubwa wake. (Na anayetumia dawa hizo asiziache kwa kusoma safu ya lugha, amwone daktari wake.)

Limebaki dai moja ambalo mtu wa Iringa amelisikia hadi limemchosha: eti imethibitishwa kuwa Wahehe wana hulka ya kujiua. Naomba ithibati. Nani alihesabu, mwaka gani, akalinganisha na kabila gani? Idadi ya vifo vya mkoa haiwi idadi ya kabila, maana mkoani humo wanaishi Wabena, Wakinga na watu wa kila upande wa nchi. Tena vifo vya namna hiyo hufichwa, kwa aibu ya familia na kwa kuwa Kanuni ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo hata daftari lenyewe lina mapengo ambayo hatujui yamelala wapi zaidi. Wanalirudia dai hilo kwenye vijiwe kama utani, na kijana wa Kihesa anayeumwa sonona, ugonjwa unaotibika, analisikia akaamini kwamba kinachomsumbua kimo kwenye damu ya ukoo wake na hospitali haina la kumfanyia. Wewe uko kazini huko na utaletewa taarifa zenye maneno hayo. Sentensi ya namna hiyo haitengenezeki kwa kubadilisha kitenzi. Ifutwe yote.