Kwa nini sokwe wa maabara hawaletwi Rubondo

Binti yangu,

Umeniuliza kwa nini sokwe waliostaafishwa maabara huko Marekani wanapelekwa Louisiana, wakati sisi tuna Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria kilichowahi kupokea sokwe wageni.

Kweli kiliwapokea. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, aliwaleta kutoka Ulaya, wakaachiwa msituni, na vizazi vyao wapo mpaka leo. Ila wanaosimulia huishia hapo. Madume wawili walikuwa wakishambulia watu, ikabidi wapigwe risasi. Sokwe aliyelelewa na binadamu hamwogopi, na nguvu za dume unazijua.

Hao wa maabara wana tatizo kubwa zaidi: wengi walichomwa virusi vya homa ya ini, wengine VVU. Nani atawapeleka karibu na sokwe wa porini? Ugonjwa ukiingia porini ni maafa: katika hifadhi ya Gombe mwaka 1966 polio iliua na kulemaza sokwe wengi. Tena sokwe hawapokei wageni. Gombe hiyohiyo, kuanzia 1974, kundi moja lilimaliza madume wa kundi jirani, na walikuwa wamekua pamoja.

Kwa hiyo Chimp Haven, makao ya sokwe waliostaafishwa hapo Keithville, Louisiana, si kifungo kingine. Sheria ya mwaka 2000 inaitaka serikali ya Marekani ibebe robo tatu ya gharama za kuwatunza. Kuzalisha hakuruhusiwi, madume hufungwa uzazi (ingawa watoto kadhaa walizaliwa hivyo hivyo, nilicheka niliposoma).

Kinachonisumbua mimi ni Liberia. Kituo cha damu cha New York kilifanya utafiti wa homa ya ini huko tangu miaka ya 1970, kikaishia kuwaweka sokwe kwenye visiwa vya mtoni visivyo na chakula wala maji ya kunywa. Mwaka 2015 kikaacha kulipa. Sokwe zaidi ya 60! Walezi Waliberia wakaendelea kuwapelekea chakula kwa mashua, mpaka mashirika ya wanyama yakaingilia. Mwaka 2017 kituo kikakubali kutoa dola milioni 6.

Sokwe huweza kufika miaka 50 na kuzidi. Ukienda Keithville, kabla hujauliza wanakula nini, mtafute mtu wa hesabu. Muulize fedha za yule mwenye miaka 20 leo zimewekwa wapi, na nani atalipa serikali ikibadili mawazo. Uniandikie jibu lake.

Mama yako anakusalimu.

Baba