Mbona nashinda mechi nyingi, alama zinashuka?

Barua za mara hii zinatoka Kigoma na Tabora, na zote zinahusu jambo moja: alama za daraja katika gemu za mtandaoni ambamo unamlea mhusika wako, awe askari, mchawi au mponyaji, kisha unampeleka uwanjani kupambana na wahusika wa watu wengine.

SWALI: Wahariri, shikamooni. Niko Ujiji, nacheza pambano la mmoja kwa mmoja kwenye seva ya Ulaya. Natumia bando la usiku, saa 9 hadi saa 11 alfajiri. Wiki iliyopita nilicheza mechi 20, nikashinda 12, nikafungwa 8. Nilianza na alama 1,700, nikamaliza na 1,614. Nikishinda napewa 8 au 9, nikifungwa zinaondoka 23 au 24. Huu si wizi?

JIBU: Marahaba. Si wizi, na tunafurahi umeandika takwimu, maana jibu limo humo humo.

Fikiria wacheza drafti wawili chini ya mwembe pale Tabora. Mmoja humfunga mwenzake mara tatu katika nne, siku zote. Leo akimfunga tena, nani atashangaa? Lakini yule mnyonge akishinda, watu wote wanainuka kwenye mabenchi. Alama za daraja zinafanya kazi hivyo hivyo: hazilipi ushindi, zinalipa mshangao. Mfumo huu aliubuni Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, kwa ajili ya sataranji. Shirikisho la sataranji la Marekani liliuanza mwaka 1960, shirikisho la dunia, FIDE, likafuata 1970. Gemu nyingi za leo zimeurithi huo au ndugu zake.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua alama za mpinzani, toa zako. Gawanya kwa 400. Ipandishe 10 kwa kipeo cha jibu hilo, ongeza 1, kisha gawanya 1 kwa ulichopata. Wewe una 1,700, mpinzani 1,500: tofauti ni −200, ukigawanya unapata −0.5. Kumi kwa kipeo hicho ni 0.316, ukiongeza 1 ni 1.316, na 1 gawanya kwa hiyo ni 0.76. Maana yake mfumo unakutarajia ushinde asilimia 76. Ikiwa gemu linatumia kizidisho cha 32, yaani alama nyingi kabisa ambazo mechi moja inaweza kuhamisha, ushindi unakupa 32 mara 0.24 (1 toa 0.76), karibu 8. Kufungwa kunakunyang'anya 32 mara 0.76, yaani 24. Ndizo namba zako hasa. Ili ubaki palepale ulipaswa kushinda mechi 15 katika 20. Ulishinda 12.

Sasa, kwa nini unapangiwa watu wa chini yako? Saa 9 usiku ya Ujiji ni saa 7 usiku Ujerumani wakati wa baridi, au saa 8 wakati wa kiangazi. Wachezaji wengi wa seva hiyo wamelala. Seva ikikosa mtu wa alama zako, inapanua wigo: kwa mfano, kwanza alama 50 juu na chini, kisha 100, kisha 200, kadiri unavyongoja. Bando lako likianzia saa 6 usiku, cheza saa 6 hadi saa 8, kabla Ulaya haijalala. Na kutafuta mpinzani kukivuka dakika tatu au nne, ghairi uanze upya. Katika gemu nyingi wigo hurudi kuwa mwembamba. Saa za alfajiri zitumie kupakua masasisho na kufanya mazoezi yasiyo na alama.

SWALI: Nilikuwa shambani Urambo msimu mzima wa tumbaku, miezi saba bila kucheza. Nimerudi, mechi moja inanipandisha au kunishusha alama 60. Akaunti imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Gemu lako bila shaka linatumia mfumo wa aina ya Glicko, alioubuni Mark Glickman mwaka 1995. Huo unaweka namba mbili: alama zako, na kiasi cha mashaka juu ya alama hizo. Mchezaji mgeni huanza na 1,500 na mashaka 350. Mwenye 1,700 na mashaka 50, mfumo una uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezo wake uko kati ya 1,600 na 1,800. Mashaka yakifika 200, ni kati ya 1,300 na 2,100, upana kama ziwa. Ukikaa bila kucheza, mashaka hukua, na kila mechi inakuyumbisha zaidi. Kwa hiyo usiingie kwenye mechi za alama siku ya kwanza. Badilisha kwanza silaha na deraya zilizopitwa na msimu, zoeza vidole siku mbili, ndipo uingie.

SWALI: Kuna jamaa hapa Nzega anataka shilingi 40,000 anipandishe hadi 1,900. Nimpe?

JIBU: Usimpe, tafadhali. Utampa nywila yako, na kampuni nyingi za gemu hufungia akaunti inayochezwa na mtu mwingine. Hata usipokamatwa, kama uwezo wako ni 1,500 utakutana na watu wa 1,900, na kwa pengo la 400 matarajio yako ya kushinda ni asilimia 9. Mechi 20, ushindi mbili, na alama zitarudi zilikotoka.

SWALI: Sisi ni watatu, tuko Kasulu. Mponyaji wetu anaganda katikati ya pambano, tunafungwa. Mfumo hauhesabu kwamba kosa ni la mtandao?

JIBU: Hauhesabu. Mfumo huona matokeo tu, na anayekatika kwa kawaida anaandikiwa kufungwa.

Umbali hamwezi kuufuta. Mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo ikiwa njia hadi kwenye seva ni kilomita 8,000, kwenda na kurudi kunakula milisekunde 80 kabla hata ya mnara na ruta. Mnachoweza kukidhibiti ni kuyumba. Kabla ya mechi, angalieni pingi, yaani milisekunde ambazo ujumbe hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, kwa dakika mbili: 220 iliyotulia inachezeka kuliko ile inayoruka kutoka 120 hadi 600. Simu inayotoa hotspoti iwekwe dirishani upande wa mnara, masasisho ya moja kwa moja yazimwe kwenye kila kifaa, na watatu msitumie hotspoti moja.

Kisha badilisheni majukumu. Kumkatiza adui anapotamka uchawi wa sekunde 1.5 kunataka macho na mtandao vyote viwahi. Kazi hiyo apewe mwenye pingi tulivu. Anayeganda achukue mhusika wa sumu inayokula taratibu, kwa sababu ikishampata adui inaendelea kumla hata skrini yako ikisimama sekunde mbili. Mponyaji akiganda sekunde hizo mbili, timu nzima imeanguka.