Bukhara, lakini kwa masharti

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mji gani wa kale wa biashara nje ya Afrika unastahili kutembelewa kuliko yote?", limenigusa pabaya. Mmetutolea mifano ya Samarkand na Bukhara, miji ya Uzbekistan ya leo, mkaipamba kwa hariri na ngamia tu.

Mimi mtoto wa Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa. Mji wa biashara ukisifiwa mbele yangu, huuliza kwanza: walikuwa wakiuza nini? Bukhara waliuza hariri, pamba, ngozi za wanakondoo wa karakul, na waliuza watu. Waajemi waliotekwa na Waturukimeni walifikishwa pale wakanadiwa, na Warusi pia wamo. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kwa mkataba na Urusi mwaka 1873, mwaka uleule Sayyid Barghash, sultani wetu, alipotia saini soko letu lifungwe. Ile madrasa ya Mir-i-Arab yenye makuba mawili ya buluu, iliyoko kwenye kila postikadi, inasimuliwa kuwa ilijengwa karne ya 16 kwa fedha za mateka waliouzwa. Kwa hiyo nilikaa kitako kuwaandikia: msiende.

Tatizo ni kwamba mwenyewe nimefika. Miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi Tashkent, na likizo moja tukapelekwa Bukhara kwa treni. Mwongozaji alitusimamisha juani chini ya mnara wa Kalyan, wa mwaka 1127, ule ambao Genghis Khan aliuacha wima alipoiteketeza Bukhara mwaka 1220, akatuhesabia maovu ya maemiri, watawala wa zamani wa Bukhara, mpaka nikachoka. Nikachomoka, nikaenda Lyab-i Hauz, hodhi la karne ya 17 chini ya miforosadi mikongwe. Wazee wamekaa juu ya vitanda vya mbao, wanakunywa chai ya kijani. Mmoja akanipisha.

Akamimina chai kwenye kibakuli, akairudisha birikani. Akafanya hivyo mara tatu, kisha akanitilia kidogo, haikufika hata nusu. Kwetu huo ungeitwa uchoyo. Kule anayejaziwa ndiye anayeagwa. Ukitiliwa kidogo maana yake kaa, nitakuongeza. Akaniuliza, kwa Kirusi kibovu kuliko changu, natoka wapi. Zanzibar hakuijua. Nilipomtajia jina langu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwetu tunamjua Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume aliyezaliwa mjini humo. Nikamwambia, mzee wangu, kwetu asiyemjua Imam Bukhari ni nani? Hakujibu. Akaita mkate na zabibu kavu, akakataa katakata nilipe.

Halafu akaanza kunitajia ukoo wake. Babu huyu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, yule alikuwa na ngamia, na bibi yake mzaa mama, akaelekeza kidole upande wa magulio yenye makuba, "alinunuliwa pale. Muajemi." Akasema bila haya na bila fahari, akaniongeza chai.

Hapo ndipo hoja yangu inapolegea. Niliyetaka kumtetea kwa kuususia mji alikuwa bibi wa mwenye mji. Na ndiyo Bukhara ilivyo: Wahindi wakibadilisha fedha, Mayahudi wakitia hariri rangi, mjukuu wa aliyenadiwa akimkirimu mgeni. Wa Mji Mkongwe hawahitaji kuelezwa zaidi.

Basi nendeni, na muanze na Bukhara. Samarkand ni nzuri, lakini Timur, mtawala mshindi wa karne ya 14, aliijenga ili atazamwe. Bukhara bado unaweza kukaa. Sijui kama ndiyo inayostahili kuliko yote, maana Istanbul sijafika, na hodhi lenyewe naambiwa siku hizi limezungukwa na mikahawa ya watalii. Ila mwongozaji akiwafikisha Mir-i-Arab akasifu vigae tu, mwulizeni fedha zilitoka wapi. Na msiende Julai. Joto la kule ni la jangwa, hakuna upepo wa bahari wa kuwaokoa.