Uliza Ujibiwe: Wageni Wanapotaka Kuhudhuria Ibada Zetu

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya uhifadhi ya shehia moja ya Pemba inayotazama Mfereji wa Pemba, yaani bahari iliyo kati yetu na bara. Kampuni moja ya kuongoza wageni imetujia na pendekezo la kuleta makundi ya watu wanaosema kwamba husafiri kutafuta utulivu wa roho. Inataka wahudhurie dhikri yetu ya usiku wa kuamkia Ijumaa, wazuru makaburi ya mashekhe wetu, waingie katika pango la mzimu, yaani la matambiko, lililoko ufukweni, kisha walale kijijini siku mbili. Wazee wanasema ibada si ngoma ya kuonyeshwa. Vijana wanasema fedha hizi zikitupita zitakwenda kwa wengine. Je, tukubali au tukatae?
Mjumbe, Mkoa wa Kusini Pemba

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yetu. Wazee na vijana wenu hawapingani kama inavyoonekana kwa haraka, kwa sababu wazee wanalinda ibada, vijana wanatafuta riziki, na ni kampuni iliyovitia vyote viwili katika kapu moja. Vitoeni humo kimoja kimoja. Dhikri ni ya wanaoileta, na mwenye kuitolea idhini ni khalifa wa tarika, yaani kiongozi wa jumuiya ya dhikri, pamoja na wenzake, wala si kamati ya uhifadhi. Kaburi lina jamaa zake. Pango la mzimu lina mtunzaji wake, ambaye mara nyingi amerithi kazi hiyo kwa wazee wake na anajua nani aingie, lini, na kwa adabu gani. Ufukwe na mikoko ndivyo vilivyo vya shehia nzima, na hapo kamati yenu ina kauli ya moja kwa moja. Mkataba mmoja unaoviuza vyote vinne kwa bei moja haufai kutiwa saini, hata fedha zake ziwe nyingi kiasi gani.

Kuhusu dhikri, maoni yangu ni kwamba isiingizwe kabisa katika ratiba ya kulipiwa. Mgeni aliyealikwa na mwenyeji wake, akavaa kwa heshima na akakaa pembeni bila kamera, hamuudhi mtu, na Pemba inajua kumpokea mgeni wa namna hiyo. Lakini siku anayeongoza uradi atakapowasubirisha wenzake kwa sababu gari la wageni limechelewa njiani, jambo lililowavuta wageni hao kutoka mbali litakuwa limekwisha kuondoka, na waliobaki kulipoteza ni nyinyi.

Haina maana kwamba dini na utalii haviwezi kukaa pamoja. Nyinyi wa upande huo mnakiona kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, na bila shaka mmesimuliwa habari za Nabii Hadhara, ambaye wengine humwita Khidhri: kwamba aliwakuta wavuvi pale, akawaomba msala, yaani mkeka wa kusalia, ili asali, nao hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa misali ya msala, kwani ufukwe wake umeelekea kibla. Wavuvi wa dago waliokuwa wakipiga kambi Misali waliikuta hadithi hiyo, wakaiendeleza. Hata hivyo, miamba yake ilikuwa ikivunjwa kwa baruti na nyavu mbovu. Serikali ilikifanya kisiwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na ikatenga sehemu ya magharibi isivuliwe kabisa. Karibu na wakati huo shirika la CARE, pamoja na taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza inayojulikana kwa kifupi IFEES, walikaa na maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi wenyewe, wakalizungumza suala la bahari kwa lugha ambayo wavuvi walikuwa nayo tangu utotoni: kwamba mwanadamu ni khalifa, yaani msimamizi, katika ardhi, kwamba viumbe ni amana, na kwamba israfu imekatazwa hata pale kilicho mbele yako kinapoonekana hakimaliziki. Mimi ningeongeza aya ya 41 ya Sura ya Ar-Rum, inayosema kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Mwaka 2005 uhifadhi ulipanuliwa na kuwa hifadhi ya Mfereji wa Pemba, ambayo Misali imo ndani yake.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linajibu nusu ya swali lako. Mgeni anayetafuta utulivu wa roho halazimiki kuingizwa katika duara la dhikri. Anaweza kupelekwa baharini na mvuvi mzee, akasimuliwa kisa cha msala, akaonyeshwa mwamba usiovuliwa na kuelezwa kwa nini hauvuliwi, akasubiri kimya chini ya mti wenyeji wake wanapomaliza sala ya alasiri. Hakuna kilichouzwa katika ibada yenyewe, na mgeni ameona watu ambao imani yao inawafikisha mpaka kwenye nyavu zao. Safari kama hiyo inaweza kuongozwa na watu wa kijiji tu, na hiyo ndiyo nguvu yenu mtakapokaa na kampuni mezani.

Sasa fedha. Ulizeni mapema ni nani atakayezipokea, zitaandikwa katika daftari gani, na litasomwa wapi. Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani kule Unguja, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, hupata sehemu ya ada za wageni, jambo ambalo ni haki, kwani kima punju hula katika mashamba yao. Kwenu wanaobeba mzigo ni akina nani? Ni mtunzaji wa pango, ni akina mama watakaopika na kutandika, ni wavuvi walioacha sehemu ya bahari. Hao wawe wa kwanza kutajwa katika mkataba, na akina mama wawemo katika kikao wakiwa wajumbe wenye kauli. Ikiwa mtapenda sehemu ya mapato itengenezee msikiti au kisima, semeni na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ili iwekwe kwa njia ambayo kamati ijayo haitaweza kuigeuza. Na hesabu isomwe barazani, mbele ya watu, kila baada ya miezi mitatu.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi wa Makunduchi, Unguja, tunapokoga mwaka kila Julai, yaani tunaposherehekea mwaka mpya wa jadi, tunapenda wageni, na kwetu nyumba isiyopata mgeni siku ile huonekana ina mkosi. Lakini wengine huja wakiwa nusu uchi na kuwapiga picha watoto wetu bila kuuliza. Tuwaambieje bila kuwavunjia heshima?
Mama wa Makunduchi

JIBU: Marahaba, mama. Mila yenu yenyewe imekwisha kuwapa njia: mgeni wa mwaka ni mgeni wa nyumba. Waambieni waongozaji kwamba kila kundi lifikie kwanza nyumbani kwa mwenyeji anayejulikana, lipewe maji, wanawake wafungwe kanga, waelezwe maana ya nyimbo, magomba ya kupigania na kibanda kinachochomwa, kisha ndipo waende uwanjani wakiwa na mwenyeji huyo. Katika Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi yake ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, yamewavuta wageni wengi, mgeni huvua viatu na kujisitiri kabla ya kuingia. Kuhusu picha za watoto, mwenye kutoa ruhusa ni mzazi, na hilo mwenyeji alitamke pale pale anapomfunga mgeni kanga, kabla kamera haijatoka mfukoni.