Kabla Hajakata Simu: Kuwapata Washiriki wa Utafiti wa Afya

Utafiti wa kwanza wa afya niliousimamia kwa njia ya simu ulianza vibaya kwa sababu ya neno moja. Utangulizi ambao wadadisi wetu walipaswa kuusoma ulifunguliwa kwa maneno "Hongera, umechaguliwa kushiriki", na mtu yeyote mwenye laini nchini Tanzania anajua hongera ya namna hiyo huishia wapi. Tunaishi na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tunaishi na sauti za watu wanaojifanya watoa huduma wa kampuni za simu, na ipo namba 15040 iliyowekwa mahsusi ili wananchi waripoti utapeli wa aina hiyo. Kwa siku mbili tulikaa katika chumba chetu cha kupigia simu Dar es Salaam tukisikia simu zikikatwa kabla mdadisi hajamaliza kutaja jina lake. Siku ya tatu mdadisi mmoja, mama aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi, aliweka karatasi pembeni, akasalimia kama anavyosalimia mgeni aliyefika mlangoni kwake, akasema anatoka wapi na anataka kuuliza nini, na watu wakaanza kubaki kwenye simu.

Tangu hapo nimesimamia tafiti nyingine za simu, nyingi zikihusu shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara na ulaji wa chumvi, na ninaandika haya kwa ajili ya wale wanaoandaa utafiti wao wa kwanza. Mara nyingi naona dodoso likijadiliwa kwa wiki kadhaa, kila swali likipimwa neno kwa neno, halafu suala la nani atalijibu na atapatikanaje linaachiwa nusu saa ya mwisho ya mafunzo.

Mtu anayepokea simu kutoka namba asiyoijua anataka kufahamu huyu ni nani, namba yangu kaipata wapi, na ananitakia nini. Yote hayo yajibiwe kabla ya kuanza habari za ridhaa, lakini salamu isirukwe kwa kisingizio cha kuokoa muda, kwa sababu mdadisi anayeanza na jina la taasisi bila hata "habari za jioni" husikika kama mtu anayedai mkopo wa mtandaoni, na sauti ikionyesha kwamba aliyepokea ni mtu mzima, shikamoo itangulie. Sisi tulifikia maneno haya, na sijayabadilisha sana: "Habari za jioni. Naitwa fulani, napiga kutoka taasisi fulani iliyopo Dar es Salaam. Tunazungumza na watu wa mikoa yote kuhusu shinikizo la damu na kisukari. Namba yako imetokea kwa bahati nasibu kwenye kompyuta, jina lako hatulijui. Sitakuuliza habari za pesa wala namba ya siri. Ukiwa na nafasi, maongezi yetu yatachukua kama dakika 15." Ile sentensi ya namba ya siri ndiyo iliyotusaidia kuliko zote, kwani mara nyingi tulisikia mtu akishusha pumzi baada yake. Dakika nazo ziwe za kweli. Dodoso lipimwe kwa saa ukutani na wahojiwa wa majaribio, wakiwemo wazee wanaojibu polepole, maana aliyeahidiwa dakika 15 akashikiliwa 30 hatapokea simu yako tena.

Kibali cha maadili ya utafiti, ambacho kwa Tanzania Bara tunakiomba kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na ambacho kwa Zanzibar kina utaratibu wake, kisibaki kabatini. Namba yake iwe mezani kwa kila mdadisi, pamoja na simu ya ofisi ambayo mhojiwa anaweza kuipiga kuhakikisha, na ofisini awepo mtu anayejua kwamba utafiti unaendelea. Nimeshuhudia mhojiwa akipiga ofisi kuu ya taasisi fulani, mapokezi wakamjibu kwamba hawautambui utafiti huo, na mtaa mzima ukaambiana kwamba wale ni matapeli. Anayesema "nipe kwanza nafasi nihakikishe" hajakataa, kwa hiyo apewe nafasi hiyo na kuulizwa apigiwe lini. Siku moja kabla ya kupiga, tuma ujumbe mfupi wenye jina la taasisi na usio na kiungo chochote cha kubonyeza. Kisha tumia laini zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu watu watapiga wenyewe au watabip, na hapo mdadisi akate mara moja na kupiga yeye, asile salio la mtu anayemwomba msaada.

Sasa nije kwenye namba zenyewe. Njia tunayoitumia zaidi ni ya kompyuta kutunga namba kwa bahati nasibu. Tarakimu 4 za mwanzo zikishajulikana, tuseme 0754, zinabaki 6, yaani namba 1,000,000 zinazowezekana, na baadhi yake hazikuwahi kuuzwa, nyingine zimefungwa tangu ulipofika ukomo wa usajili wa laini kwa alama za vidole Januari 2020, na nyingine ziko kwenye simu zisizowashwa ila mara moja kwa wiki. Wapo pia watu wenye laini mbili au tatu, na mtu wa namna hiyo ana nafasi kubwa zaidi ya kuangukiwa na bahati nasibu kuliko mwenye laini moja, kwa hiyo mwishoni mwa dodoso lazima kuwe na swali la idadi ya laini anazotumia, ili mtakwimu apate cha kurekebishia.

Nakumbuka namba moja iliyopokelewa na kijana wa kibanda cha kuchajia simu mkoani Singida. Nyuma yake zilisikika simu nyingine zikiita juu ya sauti ya redio. Alisema mwenye simu ni mzee wa kijiji cha jirani, ameileta asubuhi na ataifuata siku ya mnada. Mdadisi alikuwa ameshaiwekea namba ile alama ya "si mhusika" ili aendelee na nyingine. Nilimwomba aifute, aandike siku ya mnada na saa ambayo kijana yule aliitaja. Tulimpata mzee akiwa bado amesimama kibandani, akajibu maswali yote huku akimwambia kijana apunguze redio, na katika majibu yake ilionekana kwamba alikuwa na dawa za presha alizokuwa akizimeza siku anazoumwa kichwa tu. Yeye hasa ndiye mtu ambaye utafiti ule ulikuwa ukimtafuta, na alibakiza sekunde chache kuandikwa kwamba hayupo.

Kutokana na matukio kama hayo tumejiwekea utaratibu wa kupiga kila namba inayoita angalau mara 6, katika siku tofauti na saa tofauti, kabla ya kuiacha. Mkulima na mfanyabiashara wa sokoni hupatikana zaidi kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, jambo linalomaanisha kwamba zamu ya wadadisi haiwezi kuishia saa 10 alasiri kwa sababu tu basi la ofisi linaondoka. Mchana wa Ijumaa na asubuhi ya Jumapili tunapumzisha simu. Mwezi wa Ramadhani hatupigi mikoa ya Pwani karibu na futari.

Jambo gumu kuliko yote ni simu ya nyumba nzima. Namba ni moja, inashikwa na baba, na mtu unayemhitaji ni mama au bibi. Mdadisi wetu mmoja, kijana mwenye nia njema kabisa, aliwahi kumwambia mwanamume aliyepokea, "Naomba kuongea na mke wako." Mume yule alipiga simu ofisini tena na tena hadi usiku, akitaka kujua kijana huyo anamfahamia wapi mkewe, na mimi ninachokihofia hadi leo ni yale yaliyoweza kumpata mwanamke yule nyumbani. Tangu siku hiyo, simu zinazolenga wanawake hupigwa na wadadisi wanawake, na aliyepokea huelezwa kwanza utafiti wote kwa heshima, kisha huulizwa ni watu wazima wangapi wanaoitumia simu hii, ndipo mpango wa bahati nasibu uchague mmojawapo. Akichaguliwa mama, maneno huwa, "Safari hii kompyuta imemchagua mama wa hapo nyumbani, ni saa ngapi atakuwa na nafasi nimpigie?" Akikataa, tunashukuru na kuacha. Hakuna jibu la dodoso linalostahili kuletea mtu ugomvi ndani ya nyumba yake.

Hatari hiyo huongezeka pale namba zinapotoka kwenye daftari la kituo cha afya badala ya kompyuta. Orodha za namna hiyo huvutia kwa kuwa zina watu halisi wenye ugonjwa unaouchunguza, lakini simu ile inaweza kupokelewa na shemeji, mwajiri au jirani, na ukishatamka tu kwamba unapiga kutoka CTC, yaani kliniki ya watu wanaoishi na VVU, umeshaitoa siri ya mtu ambayo huna namna ya kuirudisha. Kama ni lazima kuzitumia, mhudumu wa kituo amwombe mgonjwa ridhaa ya kupigiwa wakati anapohudhuria kliniki, na mdadisi ajitambulishe kwa jina lake na jina la jumla la taasisi mpaka ahakikishe kwamba anaongea na mhusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu orodha hizo moja kwa moja, ikiwemo ile nakala iliyosahaulika kwenye simu ya mdadisi baada ya mkataba wake kwisha. Naomba sana watu waifute nakala hiyo.

Hata mhusika mwenyewe akishapatikana, haijulikani nani yuko karibu naye. Simu nyingi za kitochi zina sauti kubwa, na wengine hupenda kuweka spika. Kabla ya maswali ya siri tunauliza kama yuko mahali anapoweza kuongea kwa uhuru, na maswali hayo tunayapanga ili ajibu kwa "ndiyo", "hapana" au kwa namba tu, mtu aliye pembeni asiambulie kitu. Tunakubaliana pia kwamba akisema "umekosea namba", mdadisi ataomba radhi, atakata, na atasubiri apigiwe yeye. Na mhojiwa akianza kueleza maumivu ya kifua au jambo jingine la kutisha, mdadisi asijifanye daktari: amhimize aende kituo cha afya, na ampe namba 199 ya Wizara ya Afya.

Kuhusu vocha ya shukrani, msimamo wangu ni kwamba itolewe, iwe ndogo, na ifike siku ileile. Kiasi kikubwa humfanya mtu ashuku, au humfanya ajibu maswali ambayo moyoni hakutaka kuyajibu. Katika mradi mmoja taratibu za manunuzi za ofisi zilichelewesha vocha kwa wiki mbili, na tulipopiga kwa awamu ya pili wengi walituambia waziwazi kwamba sisi ni waongo. Walikuwa na haki. Kitu kingine ambacho wengi husahau ni kwamba tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, hivyo tarakimu za mwanzo hazikuambii tena yuko mtandao gani. Muulize, kisha tuma. Usimwombe mhojiwa atume chochote, abonyeze chochote, wala athibitishe chochote ili apate vocha yake.

Mkifanya haya yote bado mtaona kwamba vijana wa kiume wa mjini wanajaa upesi, na wanawake wenye umri wa miaka 60 na zaidi hawaonekani. Kwa kuwa tunaweka idadi maalumu kwa kila kundi la umri na jinsi, wiki za mwisho huwa za kuwatafuta akina mama hao peke yao, na hapo ndipo msimamizi anapaswa kukaa na wadadisi chumbani, kwa sababu mdadisi aliyechoka hushawishika kumwandika mwanamke wa miaka 57 kuwa ana 60. Wapo walioamua kuanza na miguu: Sauti za Wananchi, programu ya mahojiano ya simu ya shirika la Twaweza iliyozinduliwa mwaka 2013, iliwapata watu wake kwa kuzitembelea kaya kwanza, ikawapa simu na chaja za sola, ndipo ikaanza kuwapigia. Ni njia ya gharama, lakini mwenye uwezo wa kuifuata aifuate, na asiye nao aandike katika ripoti yake idadi ya namba zote zilizopigwa, zilizoita bila kupokelewa, zilizokatwa na waliokataa, badala ya kutaja tu idadi ya waliomaliza.

Mwisho wa mahojiano tunaomba ruhusa ya kupiga tena na tunaandika mhojiwa anapenda kuitwaje. Katika awamu ya pili ya utafiti mmoja, mama wa Lindi alipokea, akamtambua mdadisi kwa sauti, na kabla ya swali la kwanza akauliza yale aliyoyasema mara iliyopita yalifika wapi. Mdadisi alinitazama, nami sikuwa na jibu la kumpa. Siku hizi kila aliyeshiriki hutumiwa ujumbe mfupi wenye jambo moja au mawili tuliyoyabaini, na fedha za ujumbe huo naziweka kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, mstari unaofuata baada ya vocha.