Kusoma umbea wa ofisini na kunyamaza

Dada yangu, umeuliza kama una kosa iwapo wenzako wanamsengenya mwenzenu katika kikundi cha WhatsApp nawe unasoma tu bila kuandika neno. Kwa yaliyonipata, naona lipo.

Nilikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa. Siku moja mtu aliipiga picha barua ya hospitali ambayo mwenzetu aliiacha juu ya meza ya mkubwa ili kuombea ruhusa, akaitia kikundini. Sikuandika kitu, ila picha ile nilimtumia binamu yangu wa Shimanzi, nikidhani mtu mmoja si wengi. Kabla ya magharibi picha ilikwishafika Likoni kwa shemeji wa yule mwenye barua, na mke wa mwenye barua akaujua ugonjwa wa mumewe kabla ya kuambiwa na mumewe mwenyewe. Aliyeitia alinieleza baadaye kwamba kunyamaza kwetu alikuchukulia kuwa tumeridhika.

Maneno ya barazani, msikilizaji husahau nusu yake. Picha hubaki kama ilivyo. Niliufuta ujumbe wangu, lakini kufuta hakugusi nakala ambayo mtu ameshaihifadhi. Tangu 2019 WhatsApp hairuhusu kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, nasi hatukuhitaji hata hayo matano.

Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinamlinda mtu mambo yake ya faragha yasifichuliwe bila sababu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Hayo niliyasoma baadaye, lakini kosa nililijua siku ile ile, kwani niliituma huku nimeigeuza simu ili jirani yangu wa meza asione.

Mkubwa akiwasumbua wasichana wa mapokezi, kuambizana ni kujikinga, na hilo siliiti umbea. Barua ile haikumkinga mtu yeyote.

Usitoe nasaha kikundini. Mpigie simu aliyeanza, mkiwa wawili tu, umwombe afute, kisha umwambie anayesengenywa kabla hajasikia kwa mwengine. Mimi nilichelewa siku tatu. Alinisikiliza, akasema amenisamehe. Lakini hadi nilipoondoka ofisi ile, kila barua yake alikaa nayo mkobani mpaka mkubwa afike, akamkabidhi mkononi.