Amedaka, hakudaka: namna ya kubishana bila kukosana

Besiboli barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, ililetwa na binamu yangu, aliyeishi Marekani miaka mingi akarudi na mfuko wa glavu, mipira na maneno mengi. Kabla yake tulikuwa watu wa kandanda, na kriketi kidogo kwa waliozoea kupita Mombasa Sports Club. Sasa Oktoba ikielekea mwisho na World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani, ikianza, mechi ya saa mbili usiku ya New York huku kwetu ni saa tisa usiku, kwa hivyo wanaokesha ni wachache. Wengine huona vipande asubuhi, simu ikipita mkono kwa mkono juu ya mahamri na mbaazi, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Ugomvi wenyewe ni wa namna moja. Mtu amekimbia, amejirusha, amelala kifudifudi kwenye nyasi, kisha ameinua glavu na mpira umo ndani. Refa kasema mpira ulishagusa chini, kwa hivyo si mdako na mpigaji hatolewi. Nusu ya baraza inamlaani refa, nusu inamtetea, na kuna mzee wetu mmoja ambaye bado anauliza kwa nini mchezaji avae glavu moja tu.

Siku za wikendi mimi ndiye refa wa vijana wetu wakicheza, na barazani mara nyingi huulizwa neno la mwisho. Nionavyo, tatizo kubwa si sheria wala macho. Mdako ukiwa mzuri, mtu hutaka uwe halali. Ameona kijana alivyoruka, moyo ukampigia kura papo hapo, na jicho likabaki kutafuta sababu za kuunga mkono. Ukitaka kubishana kwa haki, anza kwa kukubali kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri mno na bado kisiwe mdako. Mpe mchezaji sifa zake kwanza, zote, kwa sauti. Halafu uliza swali jingine kabisa: mpira uliguswa na nini, na lini?

Swali lenyewe lichaguliwe vizuri. Watu wengi hubishana nusu saa kumbe kila mmoja anajibu swali lake. Sheria ya besiboli inataka mdakaji awe ameushika mpira barabara ukiwa bado hewani, na aushikilie muda wa kutosha kuonyesha kwamba anautawala na kwamba akiuachia, anauachia kwa hiari yake. Akianguka au akijigonga ukutani na mpira ukamtoka kwa sababu ya kishindo hicho, hakudaka, hata kama alipaa kutoka Likoni hadi Feri. Lakini akishaudaka, akatia mkono ndani ya glavu ili autupe, na mpira ukamponyoka wakati huo wa kuutupa, basi alidaka. Mwaka 2014 marefa wa ligi kuu walianza msimu wakilishika jambo hili kwa ukali, wakihesabu kwamba mpira ukianguka wakati wa kuuhamisha kutoka glavu kwenda mkononi hakuna mdako. Makocha na wachezaji walilalamika, na kabla Aprili haijaisha tafsiri ikarudishwa ilivyokuwa. Kwa hivyo ukiona mpira umeanguka, usiulize tu umeangukaje. Uliza alikuwa anafanya nini ulipoanguka.

Yapo mambo mengine madogo ambayo huzua kelele bila sababu. Glavu kugusa chini si kosa. Mpira ndio usiguse. Mpira uliogonga ukuta kisha ukadakwa si mdako, maana haukuwa tena hewani. Na mpira uliogonga glavu ya mchezaji mmoja ukarukia ya mwenzake bila kugusa chini ni mdako halali. Haya mkubaliane mapema, kabla simu haijatolewa mfukoni.

Kuhusu simu, hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayotupotosha kuliko kitu chochote. Mtu anasimamisha video, ya mdako au ya mkimbiaji anayewania kufika besi (kituo cha kukanyaga) kabla ya mpira, anaweka kidole kwenye kioo na kusema, “Tazama, mguu ulishafika!” Hebu tupige hesabu. Mtupo wa kilomita 130 kwa saa unakwenda karibu mita 36 kila sekunde. Video nyingi tunazotumiana zina picha 30 kwa sekunde. Maana yake, kati ya picha moja na inayofuata mpira umeshasafiri mita moja na ushei, na mkimbiaji mwenye kasi naye amesogea kama robo ya mita. Tukio mnalolitafuta, mara nyingi, limetokea kati ya picha mbili na halimo katika simu hiyo. Anayekuonyesha kidole anakuonyesha pengo.

Kamera nayo ina hila yake. Ile ya mbali yenye lenzi ndefu hubana masafa, kwa hivyo mpira uliodunda mbele ya glavu na mpira ulioingia moja kwa moja huonekana vilevile ukiutazama kutoka mbele. Kutoka ubavuni utaona tofauti. Kama hakuna picha ya ubavuni, punguza sauti yako kwa kiasi hicho. Na mwendo wa polepole una dhambi nyingine: hufanya kila kitu kionekane kimedumu. Mpira uliopita kwenye vidole kwa nukta moja huonekana umekaa kama mgeni wa siku tatu. Mimi hutaka kipande kitazamwe kwanza kwa kasi yake ya kawaida, mara moja, kila mtu akitazama kitu kimoja tu tulichokubaliana, kisha kila mtu aseme aonavyo kabla ya kusikia wenzake. Mwendo wa polepole uje baadaye.

Kwenye besi ya kwanza, ile anayoikimbilia mpigaji akishapiga, marefa wana ujanja ambao baraza lingefaa kuuiga. Jicho halitazami mpira. Linatazama mguu na besi, na sikio linangoja mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu. Kwa hivyo kipande cha video kilichotumwa bila sauti kimeshapoteza nusu ya ushahidi. Fungeni redio, mwambieni muuza kahawa apumzishe vikombe vyake kidogo, msikilize.

Tangu 2008 ligi kuu ya Marekani ilianza kutumia marudio ya video, ila kwa mipira ya home run tu, ile inayopigwa mpaka nje ya uwanja. Mwaka 2014 ikapanuliwa, meneja, yaani kocha mkuu, akapewa nafasi ya kupinga maamuzi mengi mengine, na sasa ana sekunde 15 tu za kuamua kama atapinga. Picha hutazamwa na marefa walioko kituo maalumu New York. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo likijulikana ubishi mwingi utapungua, ni kwamba majibu yanayotoka huko ni matatu, wala si mawili. Uamuzi unaweza kuthibitishwa, maana yake picha zimeonyesha refa alikuwa sawa. Unaweza kupinduliwa, picha zikionyesha wazi alikosea. Au unaweza kubaki ulivyo, kwa sababu picha hazikuonyesha vya kutosha kwa upande wowote. Hili la tatu ndilo la kulishika. “Umebaki” si sawa na “ulikuwa sahihi.” Mara ngapi nimesikia mtu akitamba, “Hata New York wamekubali!” New York haikukubali kitu, yakhe. Imesema haioni.

Barazani nasi tuna majibu matatu sasa. Mtu akisema “siwezi kujua,” hachekwi. Ilichukua muda mrefu kufika hapo, maana Mombasa mtu kusema hajui mbele ya watu ni mtihani mkubwa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha tarehe 10 Oktoba 1925, Washington, mchezo wa tatu wa World Series dhidi ya Pittsburgh. Earl Smith wa Pittsburgh aliupiga mpira mbali upande wa kulia. Sam Rice wa Washington akaukimbilia, akaruka, akaudaka kwa glavu, kisha akapinduka na kuangukia ndani ya viti vya watazamaji. Akapotea machoni. Sekunde zikapita, wengine husema 15, kisha akaibuka ameushika mpira. Refa Cy Rigler akasema autu, yaani mpigaji ametoka. Pittsburgh wakaja juu: nani ajuaye nini kilitokea huko ndani, pengine mtazamaji kamwokotea? Washington walishinda mchezo huo 4–3, ingawa ubingwa ulikwenda Pittsburgh. Rice akaulizwa maisha yake yote kama kweli aliudaka, na jibu lake likawa lile lile, kwamba refa alisema ameudaka. Mwaka 1965 aliandika barua, akaiacha ikiwa imefungwa ili isomwe baada ya kufa kwake. Alifariki 1974, barua ikafunguliwa: aliandika kwamba mpira haukumtoka hata mara moja.

Hapa wenzangu husema basi, kesi imekwisha. Mimi sioni hivyo. Mwenye kudaka hawezi kuwa shahidi wa mdako wake, hata akiwa mkweli kama Rice anavyoonekana kuwa. Rigler aliamua kwa kile alichokiona: mpira ukiingia kwenye glavu, na mpira ukitoka na mtu yule yule. Hakuwa na zaidi ya hapo, na alichokuwa nacho kilitosha kuamua. Barua inanifurahisha kama hadithi. Kama ushahidi, naiweka kando. Ndiyo maana kwenye michezo yetu nimepiga marufuku kiapo. Zamani kijana akijirusha, akiinuka tu anasema, “Ami, wallahi nimeudaka!” na mwenzake upande wa pili anaapa vilevile kwamba umedunda. Mmoja wao analitaja jina la Mungu bure, na sitaki kuwa sababu.

Tunacheza ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule wanaouita Pirates, siku za bamvua maji yakitoka mbali na kuacha mchanga mgumu. Mchanga wenye maji una faida moja ambayo viwanja vya Marekani havina: mpira ukidunda huacha alama. Ila msiutegemee kupita kiasi. Anayejirusha hufuta alama kwa kifua chake mwenyewe, na wajanja wameshajifunza kuburuza glavu wakiinuka.

Kama na wewe umepewa kazi ya urefa mtaani kwenu, basi pembe ni bora kuliko ukaribu. Refa anayekimbilia mdako moja kwa moja atafika karibu na atakuwa haoni kitu, maana mgongo wa mchezaji umemkinga. Nenda upande, uone nafasi kati ya glavu na ardhi, hata ukiwa mbali. Simama kabla ya tukio kutokea, kwa sababu jicho linalorukaruka halioni. Kisha usiharakishe kuamua. Subiri mpaka mchezaji aonyeshe mpira, mpaka mambo yaishe, ndipo uinue mkono. Wachezaji watakupigia kelele kwa kuchelewa. Kelele hizo ni nafuu kuliko za kubadilisha uamuzi.

Mkono wa mtazamaji ni mlango mwingine wa ugomvi, na hapa watu huchanganya sana. Mchezaji akipeleka mkono wake ndani ya viti, amejitosa mwenyewe, na mtazamaji akigusa mpira huko hakuna kesi. Mtazamaji akiingiza mkono wake upande wa uwanja ndipo kuna kosa. Mwaka 1996, Yankee Stadium, Derek Jeter wa Yankees alipiga mpira kuelekea ukuta wa kulia, mdakaji wa wapinzani, Tony Tarasco, akiungoja pale chini, na mtoto wa miaka 12 akanyoosha glavu yake akauvuta kwenye viti. Refa Rich Garcia akatoa home run. Baadaye, baada ya kuona picha, alikubali kwamba mtoto aliingilia, lakini akashikilia kwamba Tarasco asingeudaka. Na mwaka 2024, uwanja wenye jina lile lile lakini uliojengwa upya, mtazamaji alimng’ang’ania mdakaji Mookie Betts glavu mpaka mpira ukatoka. Safari hii refa hakuhitaji msaada wa mtu, mpigaji akatolewa. Ukivitazama visa hivi pamoja, utaona kwamba cha pili kilikuwa rahisi kwa sababu mpira ulikuwa umeshaingia kwenye glavu. Cha kwanza kinakudai useme jambo ambalo halikutokea.

Neno “kanunuliwa” tumelipiga marufuku barazani pamoja na kiapo. Anayetaka kulitumia namsomesha Detroit, tarehe 2 Juni 2010. Mtupaji wa Detroit, Armando Galarraga, alikuwa amebakiza autu moja tu amalize mchezo mkamilifu dhidi ya Cleveland, bila mpinzani hata mmoja kufika besi. Mpira ukapigwa, Miguel Cabrera akauokota na kumtupia Galarraga aliyekimbilia besi ya kwanza. Refa Jim Joyce akasema mkimbiaji yuko salama. Picha zilionyesha alikuwa autu waziwazi, na wakati huo marudio hayakuruhusiwa kwa uamuzi wa namna hiyo. Joyce alipoona video alisema mbele ya watu kwamba amekosea, na kesho yake Galarraga mwenyewe ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya timu uwanjani, Joyce akifuta machozi. Mtu aliyenunuliwa halii.

Limebaki moja ambalo hatujaafikiana hadi leo: mchezo wa Oakland, tarehe 13 Oktoba 2001, Jeter alipotokea mahali ambapo hakuna aliyemtarajia, akaudaka mtupo uliopotea njia na kumpasia mwenzake Jorge Posada kwa mkono uliopinda, na Jeremy Giambi wa Oakland akaguswa mguuni kwa mpira akikimbilia nyumbani, besi ya mwisho, bila hata kuteleza chini. Refa alisema autu, na Yankees wakashinda 1–0. Mimi nasema autu, na nasema hivyo nikijua ufundi wa Jeter unanivuta. Binamu yangu anasema mguu ulishakanyaga besi kabla hajaguswa. Hakuna picha ya ubavuni iliyo safi kiasi cha kumnyamazisha mmoja wetu. Kwa sheria yetu wenyewe jibu ni “umebaki,” na wote wawili tumekataa kulitamka.